Je, Kuamini Sayansi ni Imani? Kidonge cha 1990 na Maziwa ya Mama

Ikiwa uko jikoni Kawangware unakoroga uji, au umeketi kwenye benchi la kliniki Riruta ukingoja jina lako liitwe, au umo ndani ya matatu inayotoka Kangemi kwenda mjini, tega sikio kwa dakika chache.

Leo tunajibu swali ambalo kina mama huuliza mara nyingi, wengine kwa sauti na wengine kimoyomoyo. Swali lenyewe ni hili: "Nyinyi watu wa hospitali mwaka huu mnasema hivi, mwaka ujao mnasema vingine. Dada yangu alikuwa na virusi vya ukimwi, akaambiwa asinyonyeshe. Mimi ninavyo, naambiwa ninyonyeshe. Virusi ni vile vile na titi ni lile lile. Sasa nikiwaamini, si ni imani tu, kama imani ya dini?"

Hilo ni swali zuri, wala halina utovu wa adabu. Ili tulijibu vizuri, turudi nyuma kidogo tuone mambo mawili yaliyotokea hapa hapa Nairobi. La kwanza ni la kidonge. La pili ni la maziwa.

KIDONGE KILICHOITWA KEMRON

Mgonjwa wa kwanza wa ukimwi hapa Kenya alitambuliwa mwaka 1984. Miaka sita baadaye ugonjwa huu ulikuwa umeingia katika nyumba nyingi, na watu waliogopa hata kuutaja jina. Dawa ya AZT ilikuwa imeidhinishwa Marekani mwaka 1987, lakini bei yake haikuwa ya mtu wa kawaida. Mgonjwa wa Nairobi alipewa dawa za kuhara, za kikohozi na za vidonda vya mdomo, kisha akarudishwa nyumbani.

Wakati huo ndipo habari njema ilipotoka katika Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, yaani KEMRI, iliyo kando ya Barabara ya Mbagathi. Mkurugenzi wake, Dkt. Davy Koech, pamoja na wenzake, walitangaza kwamba wamewapa wagonjwa dawa iitwayo Kemron. Kilichokuwa ndani yake ni interferoni, kitu ambacho mwili wenyewe hutengeneza ili kupambana na virusi. Kilitolewa kwa kiasi kidogo sana, na mgonjwa alikiacha kiyeyuke mdomoni. Ilisemekana kwamba wagonjwa walipata hamu ya kula, uzito ukarudi na nguvu zikarudi. Ilisemekana hata kwamba wengine walipopimwa damu tena hawakuonekana kuwa na virusi. Mwezi wa Julai 1990, Rais Daniel arap Moi aliizindua dawa hiyo rasmi.

Fikiria furaha iliyokuwapo. Dawa imepatikana, tena imepatikana kwetu. Habari zilivuka bahari. Huko Marekani, baadhi ya madaktari na viongozi wa Wamarekani weusi walidai kidonge hicho kipelekwe kwao pia. Furaha hiyo inaeleweka. Mtu anayezama hatazami kamba imesukwa na nani.

Lakini palikuwa na kasoro moja. Tafiti zile za kwanza hazikuwa na watu wa kulinganishwa nao. Mama, hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu, kwa hivyo tuende polepole.

Mtu mwenye virusi ambaye hajapata matibabu huwa na miezi mizuri na miezi mibaya. Akipewa kidonge katika mwezi mbaya, na mwezi unaofuata ukawa mzuri, atasema kidonge ndicho kilichomponya. Pia mtu anayekuja kliniki kila wiki hutunzwa, hutibiwa kikohozi, huzungumziwa vizuri na hupata matumaini. Hayo peke yake yanaweza kumrudishia hamu ya ugali. Sasa utajuaje ni kidonge kilichofanya kazi, au ni utunzaji, au ni siku tu?

Njia iliyopo ni hii. Unachukua wagonjwa wengi walio katika hali moja, unawagawa makundi mawili kwa kura. Kundi moja linapewa kidonge chenye dawa. Kundi la pili linapewa kidonge kinachofanana nacho lakini hakina kitu ndani. Mgonjwa hajui amepewa kipi, na daktari anayempima pia hajui. Mwisho wa utafiti, siri inafunguliwa na hesabu inafanywa.

Hivyo ndivyo watafiti wengine walivyofanya na interferoni ile ya kuyeyusha mdomoni, wakiwemo wenzetu wa Uganda, na pia utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani. Matokeo hayakufurahisha. Waliomeza dawa hawakufanya vizuri kuliko waliomeza kidonge kitupu. Kemron ikafifia, na leo vijana wengi hawalijui hata jina lake.

Sasa jiulize, mama. Mwaka 1990 tuliombwa tuamini kwa sababu gani? Tuliambiwa dawa ni yetu, mkubwa ameizindua na wagonjwa wameshuhudia. Sababu hizo zote zilidai imani. Waliosema "ngojeni, tulinganishe kwanza" walionekana kama watu wa kuharibu sherehe. Lakini wao ndio waliofanya kazi ya sayansi, na ndio waliowaepusha wagonjwa wengi kuweka maisha yao juu ya kidonge kisichofanya kazi.

Tusiseme pia kwamba KEMRI ilikufa na kidonge hicho. Taasisi hiyo hiyo iliendelea na kazi, na baadaye watafiti wake walikuwa miongoni mwa walioonyesha huko Kisumu kwamba mama mwenye virusi anayetumia dawa anaweza kunyonyesha huku hatari kwa mtoto ikipungua sana. Hapo tunaingia jambo letu la pili.

MAZIWA YA MAMA NA MAZIWA YA MKEBE

Tangu katikati ya miaka ya 1980 madaktari walijua kwamba virusi vinaweza kupita katika maziwa ya mama. Wasichojua ni kwa kiasi gani. Wala hawakujua lipi ni baya zaidi kwa mtoto wa Afrika: virusi vilivyo katika titi, au kuhara kunakoletwa na chupa na maji machafu. Mwaka 1992 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri kwamba mahali ambapo watoto hufa sana kwa kuhara na utapiamlo, mama anyonyeshe hata kama ana virusi. Huo ulikuwa ushauri uliotolewa kwa makadirio.

Mwaka huo huo wa 1992, utafiti ulianza katika kliniki za wajawazito jijini Nairobi. Aliyeuongoza ni Dkt. Ruth Nduati wa Chuo Kikuu cha Nairobi, daktari wa watoto, pamoja na wenzake wa hapa na wa Marekani. Wanawake 425 wenye virusi walikubali kushiriki. Kwa kura, nusu walinyonyesha na nusu walipewa maziwa ya mkebe. Wote walikuwa watu wenye kupata maji ya mfereji ya jiji.

Huenda unashangaa: kwa nini kura? Kwa nini mama asichague mwenyewe? Sababu ni kwamba kama kila mtu angechagua, mama mwenye pesa, mwenye maji ndani ya nyumba na msaidizi wa kazi, huenda angechagua mkebe. Mama wa chumba kimoja cha mabati angenyonyesha. Kisha watoto wa mkebe wangeonekana wana afya zaidi, na tungedhani ni mkebe uliowasaidia, kumbe ni maji safi na nyumba nzuri. Kura huwachanganya matajiri na maskini katika makundi yote mawili.

Hata hivyo maisha si rahisi kama karatasi ya utafiti. Katika ploti zetu, mwanamke asiyenyonyesha huulizwa maswali. Jirani ataona mkebe. Mama mkwe atakuja kutoka mashambani aulize mtoto analiliaje na titi lipo. Katika kundi lililopangiwa mkebe, ni kama akina mama 70 tu kati ya 100 waliofuata mpango huo. Wengine walinyonyesha pia. Na watafiti hawakuficha jambo hilo. Waliliandika na kulitangaza pamoja na matokeo.

Matokeo yenyewe yalitoka mwaka 2000. Kufikia umri wa miaka miwili, karibu watoto 37 kati ya 100 katika kundi la kunyonyesha walikuwa na virusi. Katika kundi la mkebe walikuwa karibu 20. Idadi ya watoto waliofariki haikutofautiana sana: 24 kati ya 100 upande mmoja, na 20 upande wa pili. Maana yake, mahali penye maji ya mfereji na wahudumu wa karibu, mkebe uliwaepusha watoto wengi na virusi.

Ndiyo maana katika miaka ile mama wengi wenye virusi walishauriwa kutonyonyesha kama wana uwezo wa kupata maziwa ya mkebe kwa usalama na bila kukatizwa, au kuacha kunyonyesha mapema. Dada yako aliambiwa asinyonyeshe kwa sababu wakati ule hiyo ndiyo hesabu iliyokuwapo.

Hesabu haikuishia hapo. Mwaka 1999 watafiti wa Durban, Afrika Kusini, walionyesha kwamba mtoto anayepewa titi tupu, bila uji, bila maji, bila maziwa mengine, ana hatari ndogo kuliko anayechanganyiwa. Mwaka 2005 wa Zimbabwe wakapata jambo kama hilo. Watafiti wanadhani vyakula vingine hukwaruza utumbo mchanga wa mtoto na kuwafungulia virusi mlango. Kisha mapema mwaka 2006, nchini Botswana, ambako serikali iliwapa kina mama wenye virusi maziwa ya mkebe bila malipo, mvua kubwa zilileta mafuriko na maji yakachafuka. Kuhara kukaingia. Watoto walikufa kwa mamia, na walioumia zaidi ni wale wasionyonya. Yale yaliyoonekana salama mjini Nairobi kwa maji ya mfereji hayakuwa salama kila mahali.

Wakati huo huo dawa zilikuwa zinabadilika. Mwaka 1999 utafiti wa Kampala ulikuwa umeonyesha kwamba dawa ya nevirapini, ikipewa mama mara moja wakati wa uchungu na mtoto mara moja baada ya kuzaliwa, hupunguza maambukizi kwa karibu nusu ikilinganishwa na AZT ya muda mfupi. Ndipo likaja swali jipya: je, mama akitumia dawa kipindi chote anachonyonyesha itakuwaje?

Utafiti uliojibu swali hilo uliitwa kwa Kiswahili chetu: Kesho Bora. Ulifanywa Nairobi, Mombasa, Burkina Faso na Afrika Kusini, na wanawake 824 waligawanywa kwa kura. Wengine walipewa dawa za muda mfupi hadi kujifungua, kama ilivyokuwa kawaida wakati huo. Wengine walitumia dawa tatu kwa pamoja, tangu ujauzito na wakati wa kunyonyesha. Kufikia mwaka mmoja, kati ya kila watoto 100, walioambukizwa ni kama 9 au 10 katika kundi la kwanza, na kama 5 katika kundi la pili.

Kutokana na tafiti kama hizo, mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha ushauri. Mama mwenye virusi anaweza kunyonyesha, mradi mama au mtoto apate dawa. Mwaka 2016 likaongeza kwamba mama anayetumia dawa zake vizuri anaweza kunyonyesha hadi miaka miwili au zaidi, kama mama mwingine yeyote. Kwa hivyo, mama uliyeuliza, titi ni lile lile, lakini mambo mawili yamebadilika. Dawa zipo, na hesabu imeongezeka.

CHAMA NA DAFTARI LAKE

Sasa turudi kwenye swali. Je, hii ni imani?

Tuseme ukweli. Wewe huwezi kupima virusi jikoni kwako. Huwezi kwenda Durban kuhesabu watoto. Hata daktari wako hakufanya tafiti hizo zote. Yeye pia amewaamini wenzake. Kwa hivyo ndiyo, kuna kuaminiana hapa, na anayekuambia kwamba sayansi haihitaji kuaminiana hata kidogo hakuambii kweli.

Lakini kuna kuaminiana kwa namna mbili. Mfikirie mweka hazina wa chama chenu. Wa kwanza anasema, "Niaminini, mimi ni mcha Mungu, tena chifu ananijua." Daftari analificha kabatini. Wa pili anafungua daftari kila mkutano, anasoma kwa sauti nani ametoa na nani amekopa, na mwanachama yeyote anaweza kuhesabu upya. Wewe hujahesabu kila shilingi mwenyewe. Lakini unajua fulani wa nyumba ya tatu amehesabu, na ni mtu mbishi, na kama kungekuwa na kasoro angepiga kelele.

Siku moja mweka hazina wa pili anasimama na kusema, "Mwezi jana nilikosea. Hapa nimeandika 500, ilikuwa 5,000. Nimesahihisha." Je, utamwamini kidogo zaidi au kidogo kupungua? Wengi wetu tutamwamini zaidi.

Ndivyo ilivyokuwa hata kwa watafiti wa Nairobi. Mwaka 2001 Dkt. Nduati na wenzake waliripoti jambo lingine la kutisha, kwamba akina mama walionyonyesha katika utafiti wao walifariki zaidi kuliko wa mkebe. Watafiti wengine, wakiwemo wa Durban, waliangalia takwimu zao na hawakuona hivyo. Jambo hilo halikuingia katika ushauri wa kuwakataza mama kunyonyesha. Hakuna aliyesema, "Nduati ni mkubwa, lazima awe sawa." Wala hakuna aliyetupa kazi yake nzuri ya maziwa kwa sababu hiyo. Daftari lilifunguliwa tu, likahesabiwa upya.

Kuna jambo moja chungu ambalo hatutaki kulificha. Daftari husahihishwa polepole, na kati ya kosa na sahihisho wako watu wanaolipa. Kuna mama anayesikiliza leo ambaye alifuata ushauri wa mwaka 2001, akampa mtoto mkebe, na mtoto akafa kwa kuhara. Kuna mwingine aliyenyonyesha, na mtoto akapata virusi. Mama, hukukosa. Ulifanya lililojulikana siku hiyo, kwa upendo. Na wale akina mama wa Nairobi waliokubali kupigiwa kura, wengi wao hatutawahi kujua majina yao. Mtoto anayenyonya salama leo pale Dagoretti ana deni kwao.

NA MAOMBI JE?

Hatukosoi dini ya mtu. Omba, na uombewe. Lakini mtu akikuambia kwamba umepona kwa hivyo tupa dawa, mwambie kwa heshima kwamba utaendelea na dawa na maombi pamoja. Vivyo hivyo kwa mabango ya mjini yanayoahidi tiba ya kila ugonjwa. Uliza swali la Kemron: mmelinganisha na nani? Anayeuza dawa ya kweli hakasirikii swali hilo. Ukiacha dawa za virusi huku unanyonyesha, virusi huongezeka katika damu na katika maziwa, na anayelipa ni mtoto.

YA KUKUMBUKA

Kama una virusi na una mtoto mchanga: tumia dawa zako kila siku bila kuruka. Mpe mtoto titi tupu kwa miezi sita ya kwanza, bila maji wala uji. Mpe mtoto dawa ya kinga kama kliniki ilivyoelekeza. Mpeleke apimwe kwa ratiba, na uulize kuhusu kipimo chako cha wingi wa virusi. Usiache kunyonyesha wala kubadilisha chochote kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya.

Na ukiwa kliniki, usiogope kuuliza maswali haya matatu: Ushauri huu umetokana na nini? Umebadilika tangu nilipojifungua mara ya mwisho? Na ukibadilika tena, mtaniambiaje? Nesi mwema atakujibu. Akiwa na foleni ndefu, mwombe akupangie siku nyingine, lakini usirudi nyumbani na swali lako mfukoni.

YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Je, kuna ushauri wa afya ambao mama zetu walipewa na sisi tumepewa tofauti? Nani anajua kwa nini ulibadilika?
2. Katika mtaa wetu, ni nani tunayemwamini kuhusu dawa? Daftari lake liko wazi?
3. Tunawezaje kumsaidia jirani anayeshawishiwa kuacha dawa bila kumwaibisha?

Mbusu mtoto kwa niaba yetu.